Mali bila daftari: Fomu za mtandaoni zinavyowakimbiza wateja

MFANYABIASHARA anayefungua duka kwenye mtandao huhesabu gharama za kutengeneza tovuti, picha za bidhaa, usafirishaji na matangazo. Gharama moja husahaulika kwa kuwa haimo kwenye ankara yoyote. Ni ile ya mteja aliyekwisha kuchagua bidhaa, akaanza kujaza fomu, kisha akaondoka kwa sababu fomu ilimpotezea yote aliyoandika.

Mteja wa namna hiyo halalamiki. Hapigi simu, haandiki barua, wala harudishi bidhaa. Hesabu za jioni hazimwonyeshi popote, kwa kuwa hakuna mauzo yaliyoandikwa. Mwenye duka hubaki akidhani kuwa soko limelala, kumbe soko lilifika mlangoni likageuka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya mtandao msemo huo una maana ya moja kwa moja: kati ya ukurasa mmoja wa fomu na ukurasa unaofuata, daftari la mteja hukaa wapi, na ni nani anayelishika?

Mzigo uko baharini

Chukulia mfano wa mwagizaji wa vitenge wa Kariakoo anayetafuta bima ya mzigo unaokuja kwa meli. Tovuti ya wakala wa bima inamtaka ajaze kurasa nne. Wa kwanza unahitaji jina la kampuni, namba ya mlipakodi na anwani. Wa pili unahitaji maelezo ya mzigo, idadi ya marobota, uzito na thamani. Wa tatu unauliza bandari ya kupakia, bandari ya kushushia na namba ya hati ya shehena. Wa nne ni wa malipo.

Akiwa ukurasa wa tatu mwagizaji anagundua kuwa hati ya shehena iko kwa wakala wake wa forodha. Anampigia simu na kusubiri nusu saa hadi anatumiwa namba. Anaijaza, anabofya kitufe cha kuendelea, na tovuti inamrudisha ukurasa wa kwanza ukiwa mtupu. Jina la kampuni halipo, marobota hayapo, na thamani ya mzigo haipo.

Kwa fundi wa tovuti hiyo ni hitilafu ndogo. Kwa mwagizaji, mzigo uko baharini bila bima na saa moja ya kazi imepotea. Kwa wakala wa bima, komisheni imekwenda kwa mshindani ambaye fomu yake ilikumbuka.

Kosa hilo halitokani na kompyuta kuharibika wala mtandao kukatika. Linatokana na namna mtandao wenyewe ulivyoundwa, pamoja na uamuzi ambao kila mwenye tovuti huufanya, kwa kujua au kwa kutojua.

Mtandao usiokumbuka

Mtandao wa kurasa za tovuti ulibuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na mji wa Geneva, Uswisi. Pendekezo lake la kwanza lilikuwa la mwaka 1989. Lengo lilikuwa kuwawezesha wanasayansi kusoma hati zilizohifadhiwa katika kompyuta mbalimbali, na si kuuza bidhaa wala kukata bima.

Itifaki aliyoibuni, ijulikanayo kama HTTP, hufanya kazi kwa utaratibu rahisi. Kivinjari kwenye kompyuta ya msomaji hupeleka ombi, na seva inayohifadhi ukurasa hurudisha jibu. Baada ya hapo shughuli imekwisha. Ombi linalofuata, hata likitoka kwa mtu yule yule sekunde mbili baadaye, hupokelewa kama la mgeni asiyewahi kuonekana.

Ni sawa na duka ambalo muuzaji hubadilika kila mteja anapofungua mdomo. Mteja anauliza bei ya sukari, anajibiwa. Anaposema apimiwe kilo mbili, anakuta muuzaji mwingine anayeuliza: kilo mbili za nini?

Hata hivyo utaratibu huo una faida kubwa. Seva isiyolazimika kumkumbuka kila mtu huweza kuhudumia watu wengi kwa gharama ndogo, na ikizimika ikawashwa tena hakuna mazungumzo yanayokatika. Wepesi huo ni moja ya sababu zilizoufanya mtandao kuenea haraka. Tatizo lilianza pale wafanyabiashara walipoingia, kwa kuwa biashara haifanyiki kwa swali moja na jibu moja. Kuna kuchagua, kupatana, kuandika anwani, kulipa na kupewa risiti. Hatua zote hizo zinahitaji mtu wa kukumbuka.

Kumpa mteja daftari alishike

Njia ya kwanza iliyotumika ni kumrudishia mteja maneno yake mwenyewe. Anapomaliza ukurasa wa kwanza, seva humpelekea ukurasa wa pili ukiwa na majibu yake ya awali ndani, katika sehemu za fomu zisizoonekana kwenye kioo. Anapobofya, majibu ya kurasa zote mbili husafiri pamoja. Sehemu hizo zilizofichwa zilikuwamo katika toleo la 2.0 la lugha ya HTML lililochapishwa Novemba 1995.

Njia hiyo ni ya bei nafuu. Seva haitunzi kitu, na mteja anaweza kuondoka kwenda kunywa chai na kurudi bila kupoteza chochote, mradi hajafunga ukurasa. Aidha, akifungua kurasa mbili kwa wakati mmoja, kila moja hubeba majibu yake bila kuchanganyika na nyingine.

Ubaya wake ni kuwa kilichofichwa hakijafungiwa. Mtu yeyote mwenye ujuzi mdogo anaweza kuufungua ukurasa, kuona sehemu hizo na kubadili kilichomo. Baadhi ya maduka ya mwanzo yaliweka humo hata bei. Mteja mjanja alibadili bei ya dola 200 kuwa dola 2, akabofya, na duka likapokea agizo kwa bei hiyo.

Februari 2000 kampuni ya usalama ya Internet Security Systems ya Marekani ilitoa onyo kuwa programu kadhaa za vikapu vya ununuzi zilikuwa na udhaifu wa aina hiyo. Maduka yaliyotumia programu hizo yalikuwa yamempa mnunuzi kalamu na daftari la bei.

Funzo la wakati huo halijachakaa. Maneno ya mteja yanaweza kukaa kwa mteja, lakini bei, punguzo na jumla lazima zisomwe upya kutoka kwenye hesabu za duka kabla ya malipo. Ikilazimika kitu cha duka kipite mikononi mwa mteja, hutiwa muhuri wa siri wa kihisabati, ili kikibadilishwa hata herufi moja seva ikatae kukipokea.

Kuki ya mwaka 1994

Njia ya pili ilizaliwa kutokana na haja ya biashara. Mwaka 1994 kampuni ya simu ya MCI ya Marekani ilikuwa mteja wa kampuni changa iliyokuja kujulikana kama Netscape, watengenezaji wa kivinjari. MCI haikutaka seva zake zibebe kumbukumbu za manunuzi ambayo hayajakamilika. Iliomba ipatikane njia ya kuziweka kwenye kompyuta ya mnunuzi.

Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, alibuni jibu katikati ya mwaka huo. Seva hupeleka kipande kidogo cha maandishi pamoja na ukurasa. Kivinjari hukihifadhi, na kila kinapoomba ukurasa mwingine kutoka seva ile ile hukionyesha tena, kama mteja anayeonyesha kitambulisho mlangoni. Kipande hicho kiliitwa kuki, jina lililotokana na msamiati wa waandishi wa programu wa zamani. Siku hizi Waswahili wengine hukiita kidakuzi.

Kuki ilifanya kazi vizuri lakini ni ndogo. Maelezo ya awali ya Netscape yaliweka kikomo cha kilobaiti 4 kwa kila kuki na kuki 20 kwa kila seva. Hapo zinaenea namba na maneno machache, na si fomu ya bima ya kurasa nne. Tena, husafirishwa kwa kila ombi, hata la picha ndogo, hivyo kuijaza mzigo ni kumlipisha mteja bando lake bure.

Kwa sababu hiyo mafundi waligundua mapema kuwa kuki isibebe mzigo wenyewe. Ibebe tiketi tu.

Tiketi na ghala

Hapo ndipo ilipoenea njia ya tatu, ambayo huitwa kipindi. Mteja anapoingia, seva hufungua faili lake, hulipa namba ndefu isiyoweza kubahatishwa, na kumpa namba hiyo ndani ya kuki. Majibu yake yote huwekwa kwenye ghala la seva chini ya namba hiyo. Teknolojia ya ASP ya Microsoft ilikuja na utaratibu huo mwaka 1996, na lugha ya PHP iliuingiza rasmi katika toleo la 4 mwaka 2000.

Ghala huwa na kodi. Kila faili hula nafasi, na mafaili ya wateja walioondoka bila kuaga hujaa. Kwa hiyo seva huyatupa baada ya muda. ASP hutupa baada ya dakika 20 za ukimya. Mipangilio ya kawaida ya PHP huruhusu faili kufutwa baada ya sekunde 1,440, yaani dakika 24. Tomcat, seva inayotumika sana kwa programu za Java, husubiri dakika 30.

Dakika hizo hazikupangwa na wauza bima, mabenki wala mawakala wa forodha. Ziliwekwa na watengenezaji wa programu kama mahali pa kuanzia, na zinaweza kubadilishwa kwa mstari mmoja. Lakini katika tovuti nyingi hakuna aliyezigusa. Mwagizaji wa vitenge alipoteza fomu yake kwa sababu simu yake ilichukua nusu saa, na ghala lilikwisha kufagiliwa.

Kipindi kina matatizo mengine mawili ambayo mwenye biashara anapaswa kuyajua.

La kwanza hutokea biashara inapokua. Duka likipata wateja wengi huongezewa seva ya pili na ya tatu. Ukurasa wa kwanza unaweza kupokelewa na seva moja na ukurasa wa pili na nyingine, ambayo haina faili la mteja huyo. Fomu hupotea, tena si kila mara, bali mara moja moja, na hitilafu za namna hiyo ndizo ngumu kuzikamata. Dawa yake ni ghala la pamoja ambalo seva zote husoma na kuandika humo. Gharama yake hutakiwa kuingizwa kwenye bajeti kabla ya tangazo la kwanza la redio.

La pili ni la mteja anayelinganisha bei. Anafungua kurasa mbili kwa pamoja, moja ya safari ya asubuhi na nyingine ya jioni. Zote mbili zinatumia tiketi moja na faili moja. Anaangalia ya asubuhi, kisha ya jioni, kisha anarudi kwenye ukurasa wa asubuhi na kubofya nunua. Seva inasoma faili, inakuta la mwisho kuandikwa ni la jioni, na inamuuzia safari ya jioni. Watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani walieleza tatizo hilo kwa kina mwaka 2003. Bado huonekana, na hugharimu marejesho ya fedha pamoja na maneno makali.

Njia ya kulikwepa ni kuipa kila fomu namba yake ndani ya faili, badala ya kuweka majibu yote kwenye kapu moja la mteja.

Kulipa mara mbili

Kukumbuka kupita kiasi nako kuna hasara. Mteja anabofya lipa, mtandao unasuasua, ukurasa haubadiliki. Anabofya tena. Au ukurasa wa asante unafunguka, naye anauonyesha upya ili kuhakikisha, na kivinjari kinapeleka fomu ile ile kwa mara ya pili. Asipokuwapo mlinzi, mzigo mmoja hulipiwa mara mbili.

Ulinzi una sehemu mbili. Kwanza, seva ikishapokea fomu isimjibu mteja kwa ukurasa wa kawaida, bali imwelekeze kwenye anwani nyingine ya kusoma tu, ambako ndiko risiti iliko. Itifaki ya HTTP toleo la 1.1, iliyochapishwa Januari 1997, iliweka jibu maalumu la kazi hiyo lenye namba 303. Hapo mteja akionyesha upya ukurasa husoma risiti tena, hanunui tena.

Pili, kila fomu ya malipo ipewe namba ya pekee inayotumika mara moja. Fomu yenye namba iliyokwisha kutumika ikija, seva hurudisha risiti ya kwanza bila kukata fedha. Ni utaratibu ule ule wa kitabu cha stakabadhi chenye namba zilizochapwa, ambao makarani wameutumia tangu zamani kuzuia malipo kuandikwa mara mbili.

Funzo la menyu ya simu

Afrika Mashariki ina uzoefu wake katika jambo hili, ingawa wengi hawaufikirii hivyo. M-Pesa ilipoanzishwa na Safaricom nchini Kenya Machi 2007, menyu yake iliwekwa ndani ya laini yenyewe. Mtumaji alijaza namba ya mpokeaji, kiasi na namba ya siri hatua kwa hatua kwenye simu yake, na ombi lilipelekwa baada ya hatua zote kukamilika. Fomu ilikaa kwa mteja hadi ilipokuwa tayari.

Huduma za kupiga namba yenye nyota na alama ya reli, ambazo zimezoeleka sana Tanzania, hufuata njia tofauti. Mazungumzo hushikiliwa na mtandao wa simu hatua kwa hatua, kwa muda mfupi. Simu ikiingia au mawimbi yakipotea katikati, mtumiaji huanza upya. Ndiyo maana menyu nzuri za aina hiyo huwa fupi, huuliza maswali machache, na huweka uthibitisho mwishoni.

Wenye tovuti wanaweza kujifunza hapo. Kama mazungumzo yanaweza kukatika, fomu iwe fupi. Kama fomu haiwezi kuwa fupi, iwe na mahali salama pa kusubiri.

Rasimu kwa mteja

Mahali hapo sasa pameongezeka. Vivinjari vya kisasa vina ghala lao la ndani ambalo kwa kawaida huchukua takriban megabaiti 5 kwa kila tovuti, kiasi kikubwa sana kikilinganishwa na kilobaiti 4 za kuki. Ukurasa unaweza kuandika humo kila neno mteja anapolichapa. Umeme ukikatika au simu ikizimika, akirudi anakuta rasimu yake.

Ghala hilo lina aina mbili. Moja hudumu kwa ukurasa uliofunguliwa tu na hufutika unapofungwa. Nyingine hubaki hadi ifutwe. Tofauti hiyo ni ndogo kwa fundi lakini ni kubwa kwa mteja anayetumia kompyuta ya mkahawa wa intaneti, ya ofisini au simu anayochangia na nduguye. Rasimu ya bima iliyobaki kwenye mashine ya watu wengi ni barua iliyoachwa wazi mezani.

Kwa fomu nzito, kama maombi ya mkopo au leseni, njia ya kuaminika zaidi ni kuhifadhi rasimu kwenye hifadhidata ya seva chini ya akaunti ya mteja, na kumwonyesha wazi kuwa imehifadhiwa na itakaa hadi lini. Anaweza kuanza kwenye simu akiwa kwenye daladala na kumaliza kwenye kompyuta siku ya pili.

Thamani ya kukumbuka

Kwamba kukumbuka ni mali ilidhihirika wazi Marekani. Septemba 1997 Amazon iliomba hataza ya kumwezesha mteja wa zamani kununua kwa kubofya mara moja tu, bila kujaza anwani wala kadi upya, kwa kuwa maelezo yake yalikwisha kuhifadhiwa. Ilipewa Septemba 1999. Katika muda wa mwezi mmoja iliishtaki Barnes & Noble, na kesi hiyo ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2002. Mwaka 2000 Apple ilichukua leseni ya hataza hiyo. Muda wake ulikwisha Septemba 2017, na tangu hapo utaratibu huo ni huru kwa kila duka.

Makampuni makubwa hayakugombania rangi ya kitufe. Yaligombania haki ya kutomuuliza mteja swali alilokwisha kulijibu.

Sheria na mipaka

Pamoja na hayo, kukumbuka maneno ya mtu ni dhamana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2019. Fomu iliyojazwa nusu nayo ni taarifa binafsi. Mteja ambaye hakubofya kitufe cha mwisho hajakubali kuwa mteja, hivyo kuitumia namba yake ya simu kumsumbua kwa matangazo ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Wanaouza Ulaya wana kanuni za kuki. Huko kuki nyingi huhitaji ridhaa ya mtumiaji. Hata hivyo, Juni 2012 jopo la wasimamizi wa ulinzi wa data la Umoja wa Ulaya lilitoa maoni kuwa kuki inayoshikilia majibu ya fomu ya kurasa kadhaa au kikapu cha ununuzi, kwa muda wa shughuli hiyo, inaweza kusamehewa, kwa kuwa mteja mwenyewe ndiye aliyeomba huduma hiyo. Ikianza kutumika kumfuatilia kwa matangazo, msamaha huo hauihusu.

Kuhusu kadi za benki, viwango vya kimataifa vya PCI DSS, vilivyotolewa mara ya kwanza Desemba 2004, vinakataza kuhifadhi tarakimu za usalama za kadi baada ya malipo kuidhinishwa. Namba hizo zisiingie kwenye rasimu, kuki wala sehemu iliyofichwa. Ni afadhali mteja aziandike tena.

Kwa upande mwingine, kumlazimisha mteja kurudia mambo mengine sasa kunahesabiwa kuwa kasoro. Oktoba 2023 shirika la viwango vya mtandao la W3C lilichapisha toleo la 2.2 la miongozo ya kuwafikia watumiaji wote, wakiwamo wenye ulemavu. Mwongozo mmojawapo, wa daraja la msingi, unataka taarifa ambayo mteja amekwisha kuitoa katika shughuli ile ile ijazwe yenyewe au aweze kuichagua, isipokuwa pale usalama unapohitaji aiandike upya. Toleo la mwaka 2018 liliongeza, katika daraja la juu, kuwa mtumiaji aonywe ni muda gani wa ukimya utamfanya apoteze data, isipokuwa kama data hiyo itatunzwa kwa zaidi ya saa 20.

Saa 20 na dakika 20 zina tofauti ya mara 60. Mwenye kuchapa kwa kidole kimoja, mwenye macho hafifu na mwenye kusubiri hati kutoka bandarini wote wamo katika pengo hilo.

Maswali ya kumuuliza fundi

Mwenye biashara hahitaji kujifunza kuandika programu. Anahitaji kukaa na fundi wake kabla ya kulipa awamu ya mwisho na kumuuliza maswali sita:

1. Mteja akikaa kimya nusu saa katikati ya fomu, majibu yake yatakuwapo?
2. Akikosea sehemu moja, fomu itamrudia na majibu mengine yakiwamo, au itakuwa tupu?
3. Akibofya lipa mara mbili, atakatwa mara ngapi?
4. Akifungua kurasa mbili, kila moja itabaki na majibu yake?
5. Bei inasomwa wapi wakati wa malipo, kwenye hesabu za duka au kwenye kilicholetwa na kivinjari?
6. Rasimu zisizokamilika zinafutwa lini, na ni nani anayeziona?

Majibu ya mdomo hayatoshi. Jaribio lenyewe ni la dakika chache na halihitaji fedha. Mwenye duka ajaze fomu yake mwenyewe hadi ukurasa wa tatu, aache simu mezani, aende kuangalia mzigo ghalani, arudi baada ya dakika 40 na kubofya endelea.

Akikuta majibu yake yote yapo, anaweza kutangaza duka lake kwa moyo mweupe. Akikuta ukurasa mtupu, amekwisha kuona wateja wake wanapoishia, na anajua fedha za matangazo ya mwezi ujao zianze kutumika wapi.